Mwana wa mpangaji na ardhi ya wengine: kisa cha John Ballance

Katika mji wa Whanganui, New Zealand, kuna bustani ndogo kando ya mto. Walowezi waliipa jina la Moutoa. Wamaori, wenyeji wa asili wa nchi hiyo, huiita Pākaitore. Mwaka 1995 Wamaori wa mto huo waliingia humo, wakapiga kambi na kukaa siku 79, wakidai kwamba pale ni pao na kwamba hapakuwahi kuuzwa. Ndani ya bustani ilisimama sanamu ya John Ballance, aliyekuwa kiongozi wa serikali ya koloni hilo tangu 1891 hadi alipofariki 1893. Katika mgogoro ule sanamu ilikatwa kichwa.

Mtu akikutana na kisa hiki kupitia sanamu hiyo, atadhani Ballance alikuwa mnyang'anyi wa ardhi wa aina tunayoijua: mwenye bunduki, shamba kubwa na dharau. Hakuwa hivyo. Alikuwa mwana wa mkulima mpangaji wa Ireland, akaja New Zealand kufungua duka la vito, na sehemu kubwa ya maisha yake ya siasa ilikwenda katika kupigana na wenye mashamba makubwa. Ndiyo maana kisa chake kinanishughulisha. Alilijua jeraha la ardhi tangu utotoni, akatunga dawa yake, na dawa ile ile ikawaumiza watu wengine. Nataka tuone ilikuwaje.

Alizaliwa Machi 1839 karibu na Glenavy, kaunti ya Antrim, kaskazini mwa Ireland, akiwa wa kwanza kati ya watoto 11. Baba yake, Samuel, alikuwa mpangaji: alilima ardhi ya kabaila na kumlipa kodi ya pango. Katika jimbo la Ulster palikuwa na desturi ambayo sehemu nyingine za Ireland hazikuwa nayo kwa nguvu ile. Mpangaji akiondoka aliweza kumuuzia anayeingia haki yake juu ya shamba, pamoja na thamani ya kazi aliyoiweka: mifereji aliyochimba, uzio aliojenga, udongo alioulisha samadi mwaka hadi mwaka. Ardhi ilikuwa ya bwana, lakini jasho lililoingia ndani yake lilihesabiwa kuwa la mpangaji. Msomaji wa Tanzania ataielewa hoja hii bila kufafanuliwa, kwa sababu sheria zetu za ardhi zina neno lake: maendelezo. Kwa miaka mingi kwetu mtu aliyehamishwa alilipwa kwa ajili ya maendelezo yake, nyumba na migomba na mikorosho, wala si kwa ajili ya ardhi tupu.

Naomba neno hilo, maendelezo, likae kichwani, maana kisa kizima kinazunguka hapo.

Akiwa na umri wa miaka 14 hivi aliacha shule, akapelekwa Belfast kujifunza kazi katika duka la vyuma. Huko alishuhudia ghasia za Waprotestanti na Wakatoliki, na alichokiona kikamtoa katika dini moja kwa moja. Baadaye, akiwa New Zealand, alishiriki kuchapisha jarida la watu wasiofuata dini yoyote, jambo lisilompa mwanasiasa kura nyingi wakati ule. Kutoka Belfast alihamia Birmingham, Uingereza, mji wa viwanda vya chuma. Mchana aliuza vyuma. Usiku alisoma katika taasisi ya elimu ya watu wazima na kuwasikiliza wasemaji wa siasa za mageuzi. Mwaka 1863 alimwoa Fanny Taylor. Afya ya Fanny ilikuwa dhaifu, na kaka yake alikuwa amekwisha kuhamia Whanganui, kwa hiyo mwaka 1866 wakapanda meli.

Duka la vito alilolifungua Whanganui halikudumu. Mji ulikuwa mdogo, wa ngome na wanajeshi, na nadhani hapakuwa na wengi wa kununua pete na saa. Ila sipuuzi miaka yake ya kaunta. Mwenye duka hujifunza kwamba bidhaa iliyoko rafuni si faida, na kwamba anayekutoza kwa kuhesabu mali uliyonayo, badala ya ulichokipata, anaweza kukufilisi katika mwaka mbaya. Somo hilo lilikuja kumfaa katika hazina ya serikali.

Mwaka 1867 alianzisha gazeti la jioni pamoja na mchapishaji A. D. Willis, na hapo akapata kazi iliyomfaa. Mwaka uliofuata ulikuwa mchungu kwake kwa pande mbili. Fanny alifariki. Na vita ya Tītokowaru ilifika karibu na mji.

Tītokowaru alikuwa kiongozi wa Wamaori wa kusini mwa Taranaki. Serikali ilikuwa imetangaza kuchukua ardhi yao kama adhabu ya kuasi, kisha wapimaji na walowezi wakaanza kuingia. Alijaribu amani kwanza, na mwaka 1868 akashika silaha. Akawashinda wanajeshi wa koloni mara kadhaa hadi Whanganui yenyewe ikatetemeka. Ballance aliandika makala kali za kuunga mkono vita. Alisaidia pia kuunda kikosi cha wapanda farasi wa kujitolea na kupewa cheo cha afisa wa chini. Lakini gazeti lake liliendelea kuukosoa uongozi wa vita hadi akavuliwa cheo hicho. Baadaye walimpa medali ya vita hata hivyo.

Nasimama hapa kidogo. Waandishi wengi wa maisha yake hutumia tukio hili kuonyesha ujasiri wake: mhariri aliyepoteza cheo kwa kusema kweli. Ujasiri ulikuwepo, sikatai. Lakini ugomvi wake na wakubwa ulihusu namna vita ilivyoendeshwa. Kwa nini watu wa Taranaki walikuwa wamechukua silaha, yaani ardhi iliyotwaliwa kwa tangazo la serikali, hilo halikuwa jambo la kumgombanisha na mtu. Na huyu ni mtoto wa Ulster, jimbo ambako ardhi iliwahi kutwaliwa kwa namna hiyo hiyo na kugawiwa wageni kutoka Uskoti na Uingereza, karne mbili na zaidi kabla yake.

Aliingia Bunge mwaka 1875. Mwaka 1878 Sir George Grey, aliyekuwa kiongozi wa serikali, alimpa hazina, na mwaka huo huo Ballance akaleta kodi mpya, kodi ya ardhi. Ilikuwa nusu peni kwa kila pauni ya thamani ya ardhi, na katika hesabu hiyo maendelezo hayakuguswa. Mkulima aliyejenga ghala na kung'oa visiki hakutozwa kwa kazi yake. Aliyekalia maelfu ya ekari akingoja bei ipande ndiye aliyetozwa. Hapo ndipo naiona Glenavy. Sitasema kwamba aliitoa yote utotoni, kwa sababu mawazo ya aina hiyo yalikuwa yakizungumzwa Uingereza na alikuwa ameyasoma. Lakini kutenganisha udongo na jasho, na kusema jasho ni la aliyelitoa, ni jambo ambalo mpangaji wa Ulster alilijua bila kitabu.

Kodi hiyo haikudumu hata miaka miwili. Ballance aligombana na Grey, serikali ikaanguka, na waliofuata wakaifuta mwaka 1879. Mahali pake Harry Atkinson, mshika hazina mpya, aliweka kodi ya mali, peni moja kwa kila pauni ya mali ya mtu iliyozidi pauni 500. Mali ilikuwa kila kitu: ardhi, nyumba, mashine, bidhaa za dukani. Mwenye duka alitozwa kwa vitambaa vilivyokaa rafuni mwaka mzima bila mnunuzi. Mkulima alitozwa kwa uzio wake. Ballance aliichukia kodi hii kwa moyo wote, na aliipiga vita kwa zaidi ya miaka kumi.

Kati ya hapo alipoteza kiti chake. Uchaguzi wa 1881 alishindwa kwa kura nne, 397 kwa 393, na inasimuliwa kwamba gari la farasi lililokuwa limewabeba wafuasi wake saba liliharibika njiani. Alirudi mwaka 1884 na kukabidhiwa wizara tatu: Ardhi, Ulinzi, na Mambo ya Wenyeji. Kuanzia hapa kisa kinakuwa kigumu.

Waziri wa Mambo ya Wenyeji aliyejulikana kuliko wote miaka hiyo alikuwa John Bryce, naye mtu wa Whanganui. Novemba 1881 Bryce aliongoza askari na wanamgambo wapatao 1,600 kukivamia kijiji cha Parihaka, ambako viongozi wa Wamaori, Te Whiti na Tohu, walikuwa wakipinga upimaji wa ardhi bila silaha. Watoto waliwapokea askari kwa nyimbo. Kijiji kikabomolewa, viongozi wakafungwa. Ballance aliposhika wizara alienda njia nyingine. Alipunguza askari katika maeneo ya Wamaori na kusafiri kwenda kuketi katika mikutano yao. Mwezi wa Februari 1885 alikutana na wakuu wa kabila la Ngāti Maniapoto pale Kihikihi kuzungumzia reli ya kati, ambayo ilipaswa kupita katika nchi yao iliyokuwa imefungwa kwa walowezi tangu vita vya Waikato. Wakuu wale hawakuwa wajinga. Walitaka kujua nani atauza ardhi, nani atapanga, na kama kamati zao zitakuwa na mamlaka ya kweli. Walipata ahadi. Aprili mwaka huo ujenzi wa reli ukazinduliwa, na mkuu mmoja wa Ngāti Maniapoto aliyeitwa Wahanui akiwa mmoja wa walioshika sepetu.

Ili kuona uzito wa ahadi zile ni lazima kujua Mahakama ya Ardhi ya Wenyeji ilivyofanya kazi. Ilianzishwa miaka ya 1860 kwa lengo la kugeuza ardhi ya ukoo kuwa hati za watu binafsi. Kwa miaka kadhaa hati moja iliandikwa majina yasiyozidi kumi, hata kama waliokuwa na haki hapo walikuwa mamia. Mtu mmoja akiomba ardhi ipimwe, wote walilazimika kwenda mahakamani, vinginevyo haki yao ilipotea. Mahakama ilikaa mjini, mbali na mashamba yao, wiki hata miezi. Watu walilala kwenye mahema, wakala kwa mkopo wa dukani, wakamlipa mpimaji na wakili kwa mkopo. Kesi ikiisha, aliyeshinda alikuwa na hati mkononi na deni shingoni, na deni lililipwa kwa ardhi. Katika mchezo huo mwenye duka wa mji wa walowezi alikuwa mshiriki muhimu, awe alikusudia au la.

Ballance aliyaona haya. Sheria yake ya 1886 ya usimamizi wa ardhi ya wenyeji ilizuia wanunuzi binafsi kumvizia mwenye hati mmoja mmoja. Wenye ardhi wangechagua kamati, na kamati ikiamua kuuza au kupangisha, kazi ingefanywa na kamishna wa serikali. Upande mmoja ni hatua ambayo Wamaori walikuwa wameiomba, kwamba uamuzi urudi kwa kundi. Upande wa pili, bei na mkataba viliwekwa mikononi mwa kamishna. Walikuwa wameomba kusimamia ardhi yao, wakapewa nafasi ya kuamua tu ikiwa wataikabidhi. Wengi hawakuikabidhi. Sheria ilibaki bila ardhi ya kusimamia, na mwaka 1888 serikali nyingine ikaifuta.

Kwa maoni yangu, huo ndio wakati alipokaribia zaidi kuitendea haki kanuni yake mwenyewe. Hakufika, na sidhani ni kwa sababu ya unafiki. Angalia kipimo chake: mwenye haki juu ya udongo ni yule anayeutia kazi, na adui ni anayekalia ardhi bila kuiendeleza. Kipimo hicho kilimlinda mpangaji wa Antrim dhidi ya kabaila, na mkulima mdogo wa New Zealand dhidi ya mfuga kondoo mwenye mashamba ya kutisha. Lakini kikiwekwa juu ya msitu wa Wamaori, wenye mitego ya ndege, mashimo ya kuvulia mikunga, makaburi na mashamba yaliyopumzishwa, kinasoma kwamba hapo hakuna kitu. Hakuna uzio wala ghala. Kwa hesabu hiyo mzee wa ukoo anaonekana sawa na kabaila, mtu anayekalia ekari nyingi bila kuziendeleza. Wakenya wanalijua jambo hili kutoka upande wa waliopimwa. Malisho ya Wamaasai na mashamba ya Wakikuyu yaliyokuwa yamepumzika yaliitwa ardhi tupu, yakawa ya Taji la Uingereza.

Desemba 1890, baada ya mgomo mkubwa wa mabaharia na makuli wa bandarini, ulifanyika uchaguzi wa kwanza ambao kila mwanamume alipiga kura moja tu, hata awe na mali katika majimbo matano. Wafuasi wa Ballance walipata nguvu, na tarehe 24 Januari 1891 akawa waziri mkuu. Kabla ya kuondoka, Atkinson, waziri mkuu aliyemtangulia, alimshawishi Gavana Onslow amteue yeye mwenyewe na wenzake kadhaa katika Baraza la Kutunga Sheria, chombo cha juu ambacho wajumbe wake hawakuchaguliwa na mtu na walikaa humo maisha yao yote. Lengo lilikuwa wazi, kuzuia mageuzi kutoka juu.

Kodi ya mali iliondolewa hata hivyo. Sheria ya 1891 ilileta kodi ya mapato, na kodi ya ardhi ya peni moja kwa pauni, na wenye ardhi ya thamani chini ya pauni 500 wakaachwa. Kuanzia pauni 5,000 kodi ilipanda kadiri ardhi ilivyokuwa kubwa. Matunda yake yalionekana Cheviot, kaskazini mwa Canterbury, kwenye shamba la ekari 84,000 lililoachwa na marehemu William Robinson, tajiri aliyepewa jina la utani la Pesa Taslimu. Wasimamizi wa mirathi waliona serikali imelithamini kupita kiasi kwa ajili ya kodi, wakaiambia ama ishushe thamani ama ilinunue. Serikali ikalinunua mwaka 1893 na kuligawa kwa wakulima wadogo. Waziri wa Ardhi wakati huo alikuwa John McKenzie, Mskoti wa milimani, ambaye utotoni aliwaona watu waliofukuzwa katika ardhi ya kabaila wakilala kwenye uwanja wa kanisa. Watu wawili wenye kumbukumbu ya namna hiyo kushika sera ya ardhi ya nchi moja kwa wakati mmoja ni jambo la nadra.

Kuhusu Baraza, Ballance alitaka wateuliwe wajumbe 12 wapya. Onslow alikataa idadi hiyo. Mwaka 1892 akaja Gavana mpya, Lord Glasgow, naye akakataa. Kuna waliomshauri Ballance ajiuzulu na kuitisha uchaguzi. Hakufanya hivyo. Alilipeleka shauri London, kwa Wizara ya Makoloni, na jibu likaja kwamba Gavana afuate ushauri wa mawaziri wake. Wajumbe 12 wakaingia, baadhi yao wafanyakazi wa mikono. Wajumbe wapya walikuwa tayari wamewekewa muda wa miaka 7 badala ya maisha. Tangu hapo Gavana hakuwa tena na nafasi ya kuchagua ni ushauri gani aukubali. Kwangu hii ndiyo kazi yake bora kuliko zote, na ameifanya akiwa tayari mgonjwa.

Lakini mwaka huo huo wa 1892 mambo mengine mawili yalitokea. Mwezi wa Juni, pale Waipatu, Wamaori wa makabila mengi walifungua kikao cha kwanza cha bunge lao wenyewe, Te Kotahitanga. Walitaka kutunga sheria za ardhi yao na kuifuta Mahakama ya Ardhi. Yaani Ballance alikuwa akidai kwamba waliochaguliwa wasizuiwe na wasiochaguliwa, na safari ya siku chache kutoka ofisini kwake watu walikuwa wakidai jambo hilo hilo kwa ajili yao. Serikali yake haikulitambua bunge lile. Na katika miezi hiyo hiyo ilipitisha sheria za kununua ardhi ya Wamaori kwa kasi, ikajirudishia nafasi ya kuwa mnunuzi pekee katika maeneo mengi. Mnunuzi akiwa mmoja, bei huipanga yeye. Kati ya 1891 na 1911, chama chake kikiwa madarakani, serikali ilinunua takriban ekari milioni 3 za Wamaori.

Walowezi waliopata ardhi ya serikali chini ya sheria ya 1892 waliweza kuipanga kwa miaka 999, kwa pango la asilimia 4 ya thamani ya siku ya kwanza, bila kupandishwa. Ballance mwenyewe alipendelea pango linalokaguliwa kila baada ya miaka kadhaa, ili thamani inayoongezeka iwarudie wananchi. Alishindwa, wakulima hawakutaka. Mwaka 1915 walowezi wa Kenya walipata muda huo huo, miaka 999. Mpangaji wa milele: sijui Samuel Ballance wa Glenavy angesema nini.

Kuna jambo moja sitalipita, hata kama liko kando ya ardhi. Ballance aliunga mkono haki ya wanawake kupiga kura, na mke wake wa pili, Ellen, alikuwa katika uongozi wa chama cha wanawake wapenda maendeleo. Aliogopa tu kwamba wanawake wangewapigia wapinzani wake. Alifariki Wellington tarehe 27 Aprili 1893, baada ya upasuaji wa tumbo, akiwa na miaka 54, na akazikwa Whanganui. Sheria ya kura ya wanawake ilitiwa sahihi Septemba mwaka huo, chini ya Richard Seddon aliyemrithi, na aliyekuwa hana hamu nayo.

Mgogoro wa Pākaitore ulipata makubaliano mwaka 2001 kati ya serikali, halmashauri ya mji na Wamaori wa Whanganui, ya kuisimamia bustani kwa pamoja. Mwaka 2009 sanamu mpya ya Ballance iliwekwa, si bustanini bali nje ya ofisi za halmashauri. Na mwaka 2017 Bunge lile lile alilolipigania lipate nguvu lilipitisha sheria inayoutambua mto Whanganui kuwa na haki kama mtu, kuanzia milimani hadi baharini, pamoja na kila kilichomo ndani yake. Sheria hiyo haikuuliza ni nani aliyeweka uzio.